Rangi, Taa na Mguu Usiouma

Mathenge si mti wa Tana River. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini, wataalamu wanauita Prosopis juliflora, na Kenya uliingia mwaka 1973 kupitia Bamburi, Mombasa, ulipopandwa kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji ili mawe matupu yarudi kuwa kijani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Bura, kwenye mradi wa unyunyizaji maji, ili watu walioletwa kulima pale wapate kuni. Kazi iliyobaki ilifanywa na mto. Mafuriko yalibeba mbegu, mifugo ikala maganda yake matamu na kuyaacha na samadi kila ilipopita, na leo ukishuka kutoka Hola hadi Garsen unauona pande zote mbili za barabara kama jeshi lililopiga kambi. Wenyeji wa Baringo, walioletewa mti huohuo miaka hiyohiyo, waliishtaki serikali mwaka 2006, na ushahidi mmojawapo waliouleta mahakamani Nairobi ni mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda hayo. Nchi nzima ilicheka.

Hakuna aliyeleta mguu. Mwiba wa mathenge hutoboa patipati, hutoboa akala, na waulize vijana wa bodaboda wa Garsen kuhusu tairi zao. Mtu mwenye neva nzima akiukanyaga atapiga kelele, atakaa chini, atauchomoa, atamlaani aliyeupanda, kisha ataendelea na safari. Mtu aliyeishi na kisukari miaka kumi na kitu huenda asisikie chochote. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva, na huanza na zile ndefu kuliko zote, zinazofika miguuni. Shangazi yangu, mkazi wa upande wa Tarasaa, alikijua kidonda chake siku alipoona patipati ya kulia imelowa. Alidhani amekanyaga maji. Ulikuwa usaha.

Watu husema kisukari kinaozesha mguu, kana kwamba ni laana inayopanda kutoka ndani. Kinachotokea ni cha kawaida kuliko hivyo. Kidonda kisichouma hakipumzishwi. Mtu anakikanyagia shambani, sokoni, msikitini, wiki nzima, hadi kinakuwa shimo. Bakteria wanaingia. Damu haifiki vizuri kwa sababu mishipa imeanza kuziba, na antibiotiki, ambayo husafiri kwa damu hiyohiyo, nayo haifiki. Maambukizi yakishagusa mfupa, daktari anaanza kuzungumza habari ya kukata.

Mwaka 2003 madaktari wa Kenya walichapisha utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta: katika wagonjwa 1,788 wa kisukari, 82 walikuwa na vidonda vya miguu, na karibu nusu ya vidonda hivyo vilitokana na neva peke yake. Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Nilisoma mara mbili. Panya anakutafuna, na huamki.

Sasa, kuna tiba ya mguu kama huo inayotumia mwanga. Namaanisha mwanga kweli: rangi inapakwa kwenye kidonda, taa nyekundu inamulika, bakteria wanakufa. Inasikika kama bango la mganga kwenye nguzo ya stima. Lakini ni sayansi ya zaidi ya miaka 120, na nilipoifuatilia nyuma ilinirudisha karibu na Garsen kuliko nilivyotarajia.

Kati ya 1885 na 1890 Witu, jirani na delta ya Tana, ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Bendera yao iliondoka baada ya mkataba na Waingereza wa 1890, ule wa kubadilishana Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, lakini wamishonari wao walibaki. Misheni ya Neukirchen ilikuwa imeshafungua kituo Ngao mwaka 1887, kando ya mto, kati ya Wapokomo. Ngao hiyohiyo leo ina hospitali ya serikali inayopokea wagonjwa wa Garsen na vijiji vya delta. Nchi waliyotoka wamishonari hao ilikuwa wakati huo imeshikwa na homa moja: rangi. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimegundua namna ya kutengeneza rangi za nguo kwa kemia, bila mmea wala mdudu, na mwaka 1876 Heinrich Caro wa kampuni ya BASF akatengeneza moja ya buluu iliyokolea kwa ajili ya pamba. Wakaiita methilini bluu.

Rangi ya nguo ilifikaje hospitalini? Wanasayansi waliokuwa wakitazama vijidudu kwa hadubini waliona kwamba vijidudu havionekani vizuri mpaka vipakwe rangi, na kwamba kila rangi ina inachokipenda. Paul Ehrlich akajiuliza swali ambalo likishaulizwa linaonekana rahisi: kama rangi inakishika kijidudu na kukiacha kilicho pembeni yake, si inaweza kukiua pia? Mwaka 1891, yeye na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin methilini bluu. Walipona. Mkojo wao ulitoka na rangi, lakini walipona.

Miaka michache baadaye, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Oscar Raab alipewa kazi ya kuchosha. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, alimtaka apime jinsi rangi iitwayo akridini inavyoua paramesia, vile viumbe vidogo vya majini vya chembe moja ambavyo wengine wetu tulivichora darasani bila kujua vina faida gani. Raab alipima. Siku moja vilikufa upesi, siku nyingine, kwa kiasi kilekile cha rangi, vikaendelea kuogelea. Mwanafunzi mwingine angerekebisha takwimu na kwenda zake nyumbani. Raab alirudi kutazama siku zenyewe, akaona kwamba siku ambayo viumbe wake walinusurika kulikuwa na dhoruba na giza. Tofauti ilikuwa mwanga wa dirishani. Rangi peke yake haikuua. Mwanga peke yake haukuua. Vikikutana, viliua. Alichapisha mwaka 1900.

Tappeiner alilishika jambo hilo. Mwaka 1903, pamoja na daktari wa ngozi Albert Jesionek, walipaka eosini, rangi nyekundu, kwenye saratani za ngozi na kuziweka mwangani. Kisha yeye na Albert Jodlbauer wakaonyesha kitu cha tatu kinachohitajika, nacho ni oksijeni. Tafadhali kikumbuke hicho cha tatu, maana ndicho kitakachotusumbua huko mbele. Rangi hunasa nguvu ya mwanga na kuikabidhi oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hiyo inageuka kuwa na hasira: inaunguza kila inachokigusa, ukuta wa bakteria, protini zake, vinasaba vyake, kisha inatulia kabla haijafika mbali. Bakteria anaweza kujifunza kuikwepa antibiotiki inayolenga mlango mmoja. Moto unaowaka nyumba nzima ni mgumu kuukwepa.

Wakati huohuo, Copenhagen, kulikuwa na mtu mwingine anayefuata mwanga kwa njia yake. Niels Finsen alizaliwa 1860 katika visiwa vya Faroe, ambako jua ni mgeni, na alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote ya utu uzima. Inasimuliwa kwamba alimtazama paka juu ya paa akihama kidogokidogo kila kivuli kilipomfikia, akajiuliza paka anajua nini. Mwaka 1896 alifungua taasisi ya tiba ya mwanga, akiwatibu watu wenye kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokula pua na mashavu hadi watu wakafichwa majumbani. Taa kubwa za umeme, lenzi, na bomba za maji za kupoza joto, na muuguzi ameketi kando ya kila mgonjwa akibonyeza kioo kwenye ngozi ili damu isogee na mwanga upenye. Watu walipona. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel, mwaka uliofuata akafa, umri wake miaka 43.

Finsen aliamini kwamba miali ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, ndiyo iliyoua vijidudu. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walizichukua lenzi zake za zamani wakazipima. Zilikuwa zinazuia sehemu kubwa ya miali hiyohiyo. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba bakteria wa kifua kikuu hutengeneza rangi yake mwenyewe ndani ya mwili wake, jamii ya profirini, na mwanga ulioonekana ulipoifikia rangi hiyo, penye oksijeni, bakteria aliungua. Yaani Finsen alikuwa anafanya kazi ya Raab bila kujua, na wagonjwa walipona bila kujali nani ana nadharia sahihi. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika hadithi hii.

Halafu zikaja antibiotiki. Penisilini, streptomaisini, miaka ya 1940, na nani angekaa na taa saa nzima wakati sindano moja inamaliza kazi? Sisi Wakenya mpaka leo hatuamini tumetibiwa kama hatujachomwa sindano. Taa za Finsen ziliishia stoo na kwenye makumbusho. Mwanga haukutoweka hospitalini moja kwa moja, lakini ulibaki na kazi nyingine. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyependa kuwapeleka watoto njiti bustanini kuota jua aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano wake ulikuwa umefifia kila mahali isipokuwa palipofunikwa na shuka. Miaka miwili baadaye ikachapishwa tiba ya taa kwa watoto wachanga wenye manjano. Kila mama wa Kenya aliyezaa hospitalini anaijua, au anamjua jirani aliyeambiwa mtoto "atawekwa kwenye taa". Hakuna anayeiona kama uganga.

Leza nayo ilipozaliwa, 1960, ilileta tawi la pili. Mwaka 1967 Endre Mester, mjini Budapest, alijaribu kuua uvimbe wa panya kwa leza. Mashine yake ilikuwa dhaifu mno, uvimbe haukushtuka, lakini nywele za panya walizozinyoa zikaota haraka zaidi upande uliomulikwa. Akahamia kwenye vidonda sugu vya binadamu. Tawi hili halitumii rangi na haliui bakteria. Linajaribu kuchochea nyama ijijenge. Watu huyachanganya matawi haya mawili kila siku, hasa wauza mashine, na mtu mwenye kidonda kilichooza akiuziwa leza ya kuchochea nyama peke yake, ameuziwa mbolea shamba lingali na magugu.

Tawi la rangi lilirudi kwa sababu antibiotiki zilianza kuchoka. Nchini Brazil, daktari João Paulo Tardivo na mkemia Maurício Baptista wa Chuo Kikuu cha São Paulo waliichukua ile rangi ya pamba ya 1876, pamoja na ndugu yake toluidini bluu, wakaiingiza kwenye vidonda vya miguu ya kisukari vilivyofika hadi mfupani, wakamulika kwa taa ya bei nafuu. Matokeo waliyoyachapisha 2014 yalihusu wagonjwa 34. Waliopewa antibiotiki pekee, 16, waliishia kukatwa. Kati ya 18 waliopewa antibiotiki pamoja na rangi na mwanga, karibu wote walibaki na miguu yao. Ni utafiti mdogo, wa mahali pamoja, na mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari haujaifanya tiba hii kuwa ya kawaida. Sitaki mtu aisome hapa akadhani jibu limepatikana. Ila mguu ni mguu, na tofauti ya aina hiyo ingenifanya niulize maswali hata kama ingetoka kwa watu kumi.

Tazama basi kinachohitajika. Rangi: maabara yoyote ya Kenya inayopima malaria kwa hadubini inatumia rangi ya Giemsa, aliyoitengeneza Gustav Giemsa mjini Hamburg mwaka 1904, na ndani yake mna jamii ya methilini bluu na eosini, ya Ehrlich na ya Tappeiner, katika chupa moja. Methilini bluu yenyewe hutumika kwenye upimaji wa makohozi ya kifua kikuu. Wazee wetu walipakwa GV, ile zambarau, kwenye kila kidonda cha utotoni, kwa hiyo hata kupakwa rangi si jambo geni. Taa: balbu nyekundu za LED zinazoweza kuendeshwa kwa sola. Bei ya vifaa si kisingizio. (Usijipake rangi ya maabara ukakaa juani, tafadhali. Rangi ya maabara si dawa, na Pwani, mahali palipoishi na malaria karne nyingi, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Methilini bluu ikiingia kwenye damu yao inaweza kupasua chembe nyekundu.)

Kinachokosekana ni cha tatu, oksijeni. Hewa ya Garsen inayo tele, lakini nyama ya kidonda huipata kwa damu. Mguu ambao mishipa yake imeziba hauna oksijeni ya kutosha kukasirishwa, na nyama iliyokufa haina kabisa, na inazuia mwanga usipenye. Mwanga mwekundu wenyewe huingia milimita chache tu, ndiyo maana kidonda lazima kisafishwe kwanza, nyama mfu ikatwe, usaha utolewe. Yaani tiba hii inamfaa mgonjwa aliyefika mapema, au aliye mikononi mwa mtu anayejua kusafisha kidonda vizuri. Kwa aliyechelewa ni taa inayomulika kitu kilichokwisha kufa.

Na mguu usiouma unachelewa kwa asili yake. Maumivu ndiyo yanayotupeleka hospitali. Shangazi alimaliza wiki mbili akifunga kitambaa na kuendelea na kazi zake, akafika kwa wakati wa kupoteza vidole viwili na kuokoa mguu. Kwa hesabu za wodi ile, alikuwa mwenye bahati. Kilichombadilisha baadaye ni mafunzo ya dakika kumi: muuguzi alimwonyesha kuweka kioo sakafuni kila usiku na kumulika nyayo kwa tochi ya simu. Tanzania, mradi wa Hatua kwa Hatua ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000 ulijengwa juu ya kazi ya aina hiyo: daktari mmoja na muuguzi mmoja kutoka kila hospitali wanafundishwa pamoja kukagua mguu, kusafisha kidonda, kumfundisha mgonjwa, kisha wanarudi kwao kufundisha wengine. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu kwa ajili ya Ngao, ningeipeleka huko kabla ya kununua balbu. Mwenye uwezo wa kukisafisha kidonda leo ndiye atakayeweza kukimulika kesho.

Lakini ningependa balbu pia, na hapo ndipo kalenda inapoingia. Kidonda hakimulikwi mara moja. Ni kurudi na kurudi, wiki baada ya wiki, kila mara kifunguliwe, kisafishwe, kipakwe, kimulikwe, kifungwe. Kwa mtu wa São Paulo hizo ni nauli za basi. Kwa mtu wa delta ni bodaboda hadi kivuko, mtumbwi, bodaboda nyingine, na mguu ambao hutakiwi kuukanyagia. Tana hufurika mara mbili kwa mwaka ikiwa imetulia, na mwaka ikikasirika, kama 2018, mwisho wa 2023, na Aprili na Mei 2024, barabara hukatika, vijiji huhamia kwenye matuta, na watu hutembea kwenye maji yenye miiba ileile iliyoletwa na mto, sasa isiyoonekana. Hizo ndizo wiki ambazo vidonda vipya huzaliwa, na ndizo wiki ambazo wenye vidonda vya zamani hukosa zamu zao.

Kwa hiyo kama taa itakuja Garsen, nadhani itabidi iwe ndogo, ya kubebwa, yenye betri yake, mkononi mwa mhudumu wa afya ya jamii anayejua ni mtumbwi gani unavuka saa ngapi. Taa za Finsen zilikuwa kubwa kuliko kitanda na zilihitaji muuguzi kwa kila mgonjwa. Leo taa inaingia mfukoni. Muuguzi bado anahitajika.